Ukuta Nilioupitisha Bila Kuona Msingi Wake

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na vitenge viwili, mkaniomba niseme neno. Nikasema asanteni sana, kaeni salama, nikakaa. Baadaye Rehema wa chumba cha ramani alinifuata penye masufuria ya pilau, akaniambia, "Mama Paskalia, umetunyima. Miaka yote ile, halafu maneno manne?" Haya, nayaandika yaliyobaki. Sitaeleza nilivyopanda vyeo, maana nilipanda vichache, na kimoja nilikishuka. Nitaeleza kuta.

Nilikuja Mpanda nikiwa na cheti cha ufundi na viatu vya kuazima kwa dada yangu. Kwetu ni Usevya, kwa walima mpunga, na nyumba ndefu kuliko zote nilizokuwa nimeziona ilikuwa kanisa. Asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Desderi, mkaguzi wa majengo, Mfipa mfupi mwenye kikohozi kisichoisha. Hakuuliza cheti. Alinipa tepu ya mita thelathini, timazi, na pima maji ambayo kioo chake kilikuwa na ufa, akasema, "Twende Mgodini."

Mgodini ndivyo tulivyouita ofisini ule mtaa wenye nyumba za zamani, zilizojengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya wakubwa wa mgodi. Mnazijua: kuta nene za tofali za kuchoma, baraza ndefu mbele, zimepangwa kwenye mteremko, kilima mgongoni na barabara miguuni. Zilikuwa zimeandikishwa kuwa majengo ya kale, kwa hiyo zilikuwa na masharti yake. Ukuta wa mbele usizidi kimo cha kiuno. Uachiwe matundu chini. Baraza ionekane kutoka barabarani. Anayetaka zaidi ya hapo, ombi lake liende kamati.

"Kiuno cha nani?" nikamuuliza.

Mzee Desderi alijigusa mshipi. "Changu," akasema.

Masharti yalikuwa na sentimita zake, bila shaka. Nilipopima baadaye nikakuta kweli zinalingana na kiuno chake, na tangu siku hiyo sikumuuliza swali la kumkomoa.

Alichonifundisha ni kushuka mtaroni. Wakaguzi wengi walisimama ukingoni, wakachungulia, wakasaini. Yeye alishuka, na kikohozi chake, na akataka nishuke na mimi, na sketi yangu, mafundi wakicheka. Chini alichota udongo, akaumwagia maji kidogo, akausokota kwa kiganja kama mtu anayefinyanga tonge. Ukikatika, ni udongo unaovumilia. Ukitoka uzi mrefu usiokatika, huo ni mfinyanzi, ukinyeshewa unavimba, ukikauka unasinyaa, na kilicho juu yake kitacheza. Hapo unawaambia wachimbe tena mpaka wapate kitu kigumu, au waweke zege na nondo za kutosha. "Usisaini ukuta ambao hujashuka kwenye mtaro wake," alinionya. Alistaafu, akarudi kwao, akafa mwaka uliofuata. Nikabaki na pima maji yake, na nafasi yake.

Nilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kumdhuru mtu, ninavyojua. Nilibomolesha vibaraza vilivyoingia barabarani, nikatukanwa kwa lugha tano. Nilikwenda Ugalla kukagua madarasa, nikang'atwa na nyuki wa watu. Nilijifunza kwamba mtu anayekukaribisha soda kabla hujafungua tepu ana jambo.

Kisha akaja Mama Gaudensia.

Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, anaishi peke yake katika nyumba ya tatu ya Mgodini. Nusu ya mji huu ilipita mikononi mwake wodi ya wazazi. Aliingia ofisini kwangu na mkoba mweusi, akakaa kabla sijamkaribisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya ukuta."

"Ukuta si upo, mama?"

"Ule unazuia mbuzi. Kwangu wanaingia watu."

Wezi walikuwa wameingia kwake mara mbili. Mara ya kwanza walichukua kuku. Mara ya pili walivunja dirisha la jikoni wakachukua jiko la gesi na redio. Alitaka ukuta unaompita mtu mrefu, na geti la chuma. Nikamweleza masharti. Nyumba ni ya kale, baraza lazima ionekane.

"Ionekane na nani?" akauliza.

Nikakasirika kidogo, kama mtu wa ofisi anavyokasirika akiulizwa swali zuri. Nikamwambia kuna njia ya katikati: ukuta ubaki mfupi, juu yake tuweke grili ya chuma. Kamati inaweza kukubali, lakini jalada lazima liwe na picha za nyumba. "Picha nitakuja kupiga mwenyewe," nikamwambia. Akashukuru, akaondoka.

Sikwenda wiki ile. Nilikuwa na safari. Kamati ikakaa, jalada likarudishwa kwa kukosa picha. Kikao kingine kilikuwa baada ya miezi mitatu. Alikuja tena, akanikumbusha kwa upole. Nikamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo nayo sikwenda. Ofisi hadi Mgodini ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Nimetafuta sababu miaka yote hii, na nadhani ni hii: alikuwa ameniuliza ionekane na nani, na sikutaka kukaa barazani kwake akaniuliza tena.

Asubuhi moja anayefagia ofisi alinipokea mlangoni akasema, "Mama nesi wa Mgodini amevamiwa." Jirani alikuwa amemkuta barazani, amepigwa kichwani. Alikaa hospitali siku tisa bila kusema, akafa.

Nilikwenda mazishini. Hakuna aliyenitazama vibaya, kwa sababu hakuna aliyejua. Tulipokuwa tunanawa mikono baada ya kutoka makaburini, mdogo wake marehemu, mama mmoja mnene aliyekuja kutoka Sumbawanga, alinisogelea.

"Wewe ndiye wa ofisi ya majengo?"

"Ndiyo, mama."

"Dada alinipigia simu kabla hawajamvamia. Alisema mtakuja kupiga picha."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayefikisha salamu. Akanipa maji ya kunawa.

Baada ya hapo Mgodini wote walitaka kuta. Wa kwanza kuleta ombi alikuwa Bwana Sospeta, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Kakese, aliyenunua nyumba ya sita. Alitaka ukuta mrefu kuliko mtu, wenye nguzo, na kofia ya zege juu. Jalada lake nililiweka juu ya mengine yote. Picha nilipiga siku hiyohiyo. Kamati, ambayo nayo ilikuwa imekwenda mazishini, ikapitisha kwa mistari miwili, kwa sharti moja kwamba msingi ukaguliwe kabla ya kujengwa na matundu ya maji yaachwe. Mkaguzi alikuwa mimi.

Bwana Sospeta alinipigia simu siku ya tatu. "Mama, mtaro uko wazi, mafundi wapo, mvua iko karibu. Njoo utupitishie." Mezani nilikuwa na fomu zingine kumi za watu wa Mgodini. Nilijiambia kwamba mtu mmoja ameshakufa akingoja nifike, na sitamngojesha mwingine. Nikamwambia atume mtu achukue karatasi.

Aliyekuja ni fundi wake, Kulwa, Msukuma, mtu mzima mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji. Nilisaini fomu mbele yake. Sehemu za kujaza kina cha mtaro na aina ya udongo niliziacha wazi. Nilisema moyoni nitajaza nikienda.

"Mama, huji kuona?" akauliza.

"Nimeona mingi kama huo."

"Ni kwamba chini kuna udongo mweusi, mama. Unanata."

"Chimbeni kidogo zaidi."

Akaitika, akaikunja karatasi vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akatoka. Nilimwona dirishani akipanda baiskeli. Nilijisikia vizuri siku ile. Nilijisikia kama mtu aliyelipa kitu.

Ukuta ulisimama ndani ya wiki mbili, ukapakwa rangi ya maziwa. Nilipita pale mara nne nikienda sokoni. Mara zote nne niliutazama juu, urefu wake, nikamfikiria Mama Gaudensia. Sikutazama chini. Matundu hayakuwepo. Baadaye nilielezwa kwamba Bwana Sospeta aliyakataa kwa kuogopa nyoka, na kwamba Kulwa alimwomba nondo zaidi na siku mbili zaidi za kuchimba, akaambiwa karatasi imeshatoka.

Ilinyesha mwezi wa tatu, alasiri, ile mvua ya kwetu inayoshuka kilimani kama imefunguliwa. Katika mtaa ule maji hupita uani kwa kila nyumba, hutoka mbele, huingia barabarani. Ndivyo ulivyokuwa tangu ulipojengwa, na ndiyo maana ya matundu, na naamini ndiyo maana ya kimo cha kiuno pia, ingawa sisi tuliokuja baadaye tuliyasoma masharti yale kana kwamba ni ya urembo. Uani kwa Bwana Sospeta maji hayakupata pa kutokea. Yalijaa nyuma ya ukuta kama bwawa, chini udongo mweusi ukavimba na kulegea, na ukuta ukalala barabarani, wote kwa pamoja.

Chini ya kofia ya ule ukuta, upande wa barabara, alikuwa amejikinga mvua mama mmoja muuza ndizi na karanga. Aliitwa Veronika. Alikuwa mtu wa Katumba, wa zile familia zilizotoka Burundi zamani zikapewa uraia, na alikuja mjini siku tatu kwa wiki na beseni lake. Mwenzake alikuwa amevuka kukimbilia dukani upande wa pili. Huyo ndiye aliyeona ukuta ukimwangukia.

Nilifika pale watu wakiwa bado wananyanyua vipande. Mvua ilikuwa imekatika. Nilisimama penye mtaro uliofunuka, nikaona kwa macho kile ambacho ningekiona kama ningeshuka: msingi haufiki hata magotini, na udongo chini yake unang'aa kama lami. Sikuwa na haja ya kuusokota.

Kulwa alikamatwa jioni ileile. Asubuhi yake mkuu wangu aliniita, akafunga mlango.

"Fomu ya msingi iko wapi?"

Nikampa. Akaitazama, akaona saini yangu na nafasi tupu.

"Jaza."

"Sikwenda, mkuu."

"Najua hukwenda. Jaza."

Nataka nyie mnaosoma mjue kwamba hakunipigia kelele wala kunitisha. Alinisogezea kalamu tu. Na mimi nilikuwa na hofu, na nilikuwa na watoto wawili chuoni, na nikaona kwamba marehemu hatarudi kwa nafasi mbili tupu. Nikaandika: kina, mita moja. Udongo, changarawe ngumu. Mwandiko wangu siku zote umekuwa mzuri.

Kwa maneno yale manne Kulwa akawa mtu aliyepewa mtaro mzuri akaufukia na kujenga vibaya. Mpelelezi alikuja kuniuliza. "Mshitakiwa anasema alikuambia kuna udongo unaonata. Ni kweli?" Nikasema sikumbuki. Akaandika hakumbuki. Kulwa akakaa mahabusu mwezi wa kwanza, wa pili, ukaingia wa tatu. Mimi niliendelea na kazi. Nilikwenda Shanwe kukagua mtaro wa duka, nikashuka, nikachota udongo kama nilivyofundishwa, mafundi wakinisifu kwamba mama huyu ni makini.

Kesi ilipopangwa kusikilizwa niliitwa shahidi, niitambue fomu na saini yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, fomu ikiwa imeshikwa na mwendesha mashitaka. Kulwa akaletwa na askari, amekonda, pingu mikononi, shati ni lile lile la kazi. Alipofika mbele yangu alisimama kidogo.

"Shikamoo mama," akasema.

Hakuwa ananisuta. Mimi ni mkubwa kwake, amenikuta, amenisalimu, ndivyo alivyolelewa. Nilifungua mdomo niseme marahaba, haikutoka. Askari akamsogeza mbele.

Nilipoitwa ndani, nikaapa, nikapewa fomu. Nikaulizwa kama ni saini yangu. Nikasema ndiyo. Nikaulizwa kama maelezo ni yangu. Nikasema, "Ni yangu, ila niliyaandika baada ya ukuta kuanguka. Mtaro sikuuona. Huyu fundi aliniambia kuna udongo mweusi unaonata, nikamwambia achimbe kidogo zaidi." Hakimu aliyaandika. Mwendesha mashitaka alinitazama kama mtu aliyefungua mzigo akakuta si wake.

Sikuhisi wepesi wowote. Watu husema ukweli unatua mzigo. Mimi niliomba tu kukaa.

Kulwa aliachiwa wiki kadhaa baadaye. Alirudi kwao Usukuma, na nasikia hajengi tena, analima pamba. Mimi niliandikiwa barua, nikavuliwa ukaguzi, nikapelekwa masjala kutunza majalada, ndiko mlikonikuta wengi wenu na kudhani nilizaliwa huko. Mkuu wangu alihamishwa. Nasikia alipanda cheo.

Hao waliomuua Mama Gaudensia hawajapatikana hadi leo.

Ilibaki safari moja ambayo hakuna aliyeniagiza. Jumamosi moja nilipanda bodaboda hadi Katumba, nikaulizia kwa Ezekieli, mume wa Veronika. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi na mama yake mzee. Alinisalimu, akanipa kigoda. Nikamwambia jina langu na kazi yangu.

"Wewe ndiye ulisaini," akasema. Alikuwa ameshaambiwa.

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeuona?"

"Hapana."

Mama yake aliuliza kitu kwa Kirundi, akamjibu kwa maneno machache. Yule bibi akanitazama, kisha akarudi kwenye mahindi. Tulikaa. Kuku walikuwa wanadonoa punje zilizoruka. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, ya kuomba radhi, nikayasema, na yalikuwa mafupi kuliko nilivyofikiri.

"Nimesikia, mama," Ezekieli akasema. "Mwenye nyumba hakuja. Wa ofisini hawakuja. Wewe umekuja. Lakini jibu sina."

Alinipeleka nyuma ya nyumba, pembeni ya mihogo. Kaburi lilikuwa tuta la udongo mwekundu na msalaba wa mbao, jina limeandikwa kwa rangi ya kupakia mageti. Mvua zilikuwa zimelishusha upande mmoja. Nilipiga ishara ya msalaba, nikasimama hadi alipogeuka yeye, tukarudi.

Alinisindikiza hadi barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa, amenibebea mfuko wangu. Tulipokuwa tunangoja pikipiki nikamwambia nilichokuwa nimekusudia tangu nyumbani. Nina mdogo wangu Usevya, fundi mzuri. Nikija naye mwezi ujao, na tofali na saruji, tutamjengea Veronika kaburi vizuri, lisimomonyoke.

Ezekieli alitazama barabara.

"Hapana, mama," akasema. "Juu yake msijenge tena kitu."

Pikipiki ilipofika alinishikia mfuko mpaka nikakaa vizuri, akanipa, akarudi kwenye mahindi.